Magnesiamu imetuliza mapigo yangu, je, niachane na warfarini?

Kaka Mfamasia, salaam.

Mimi ni mama wa miaka 49, mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga. Miaka kadhaa iliyopita niliambiwa mlango mmoja wa moyo, upande wa kushoto, umebana, na kwamba ni mabaki ya homa ya rumatiki niliyougua utotoni bila kujua. Kwenye cheti waliandika pia AF, yaani mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Mapigo yalikuwa yanakwenda ovyo, mara yanakimbia, mara yanasita, na nikilalia ubavu wa kushoto nasikia kama kuku anapapatika kifuani. Nikaanzishiwa warfarini ya kuzuia damu kuganda, dijoksini na furosemaidi.

Dawa nimezinywa kwa uaminifu. Kilichonichosha ni kile kipimo cha INR, cha kuona damu inachukua muda gani kuganda. Natoka alfajiri, nakaa foleni, vipindi vyangu vinabaki bila mwalimu, mwalimu mkuu ananuna. Majibu kila siku ni imepanda au imeshuka, dozi inabadilishwa, rudi baada ya wiki mbili. Mara ya mwisho muuguzi alinifokea mbele za watu eti nakula mboga za majani bila mpango. Sasa mimi nikiacha kisamvu na mchicha nile nini, nyama kila siku?

Dada yangu anaishi Maskati. Ramadhani iliyopita alinitumia mzigo: magnesiamu, mafuta ya samaki, na vidonge vya mmea uitwao ginkgo vilivyochanganywa na kitunguu saumu. Akaniambia moyo unaharibika mapigo kwa sababu mwili umekosa magnesiamu, na kwamba warfarini ni sumu ya panya, nisome mwenyewe kwenye simu. Nikasoma, ni kweli. Jirani naye akaniletea unga wa mlonge, nachanganya kwenye uji. Warfarini nikaiacha tangu Idi.

Kusema kweli mapigo yametulia. Nalala. Tumbo tu ndilo linaendesha kidogo, na usiku misuli ya miguu inakaza, ila dada anasema hizo ni sumu zinatoka. Mume wangu hajui kama nimeacha dawa.

Maswali yangu: niendelee hivi? Na kuna vidonge vipya ambavyo dada anasema huko Oman watu wanakunywa bila kupimwa INR, anitumie? Tena goti linaniuma sana siku hizi, ninywe nini?

Mwalimu M., Tanga

*

Mwalimu, dada yangu, salaam.

Nianze na la haraka. Kesho asubuhi nenda kliniki unakochukulia dawa, usingoje tarehe ya kwenye kadi. Beba chupa zote alizokutumia dada yako, na ule unga wa mlonge pia. Mwambie daktari, kwa maneno haya haya uliyoniandikia mimi, kwamba warfarini umeiacha tangu Idi. Watakupima INR, watakurudishia dozi. Usijianzishie mwenyewe kwa kumeza viwili viwili ili kufidia siku zilizopita. Warfarini huchukua kama siku tano mpaka ishike vizuri, kwa hiyo hata ukianza kesho bado una siku kadhaa za kuwa bila kinga, na kila siku unayongoja inaongezwa juu ya hizo.

Ukiona mdomo umeenda upande, mkono mmoja umelegea, au maneno hayatoki vizuri, hata kama hali hiyo imedumu dakika chache tu na kupita, usilale ukasema utaona asubuhi. Ni hospitali saa hiyo hiyo. Na kwa sababu hiyo mume wako lazima ajue. Mtu anayepata kiharusi mara nyingi hawezi kujieleza, na anayekukimbiza hospitali ndiye ataulizwa unakunywa dawa gani.

Sasa nikueleze kwa nini nimekuja juu hivyo wakati wewe unajisikia nafuu.

Una matatizo mawili, na wewe umekuwa ukipima moja tu. La kwanza ni mapigo yenyewe. Vyumba vya juu vya moyo wako havijikunji kwa pamoja tena, vinatetemeka, na chumba cha chini kinapiga bila mpangilio. Hilo ndilo unalolisikia ukilala. La pili hulisikii kabisa: kwa kuwa chumba cha juu cha kushoto kinatetemeka badala ya kusukuma, tena mbele yake kuna mlango uliobana, damu inatuama humo. Damu iliyotuama huganda. Bonge likijitenga linasafiri na mkondo wa damu, na mara nyingi njia yake ni kwenda kwenye ubongo. Kubana kwa mlango na AF vikikutana kwa mtu mmoja, hatari ya kiharusi ni kubwa kuliko ya mtu mwenye AF peke yake, ndiyo maana kwa watu kama wewe madaktari hawaanzi kuhesabu alama za hatari kama wanavyofanya kwa wengine. Wanaandika warfarini moja kwa moja.

Dijoksini yako ni ya tatizo la kwanza, inapunguza kasi. Warfarini ni ya tatizo la pili. Haikuwekwa pale ili mapigo yatulie, na wala hukuwahi kuisikia ikifanya kazi. Kwa hiyo hata tuseme magnesiamu imekutuliza mapigo kweli, bonge la damu halina habari na hilo.

Na sina hakika kama imeyatuliza. AF ina tabia ya kutosikika. Wapo watu wamevalishwa mashine ya kurekodi mapigo kutwa kucha, ikaonyesha moyo ulikwenda ovyo saa nzima, wao wanasema walikuwa wazima tu. Jipime leo jioni: kaa dakika tano umetulia, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono chini ya dole gumba, hesabu dakika nzima kwa saa yenye mshale wa sekunde. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwa mapigo kama yako utadanganyika. Sikiliza zaidi mpangilio kuliko idadi. Kama kila pigo linakuja kwa wakati wake mwenyewe, huwezi kutabiri lijalo, AF ipo palepale. Andika namba hiyo, mpelekee daktari.

Kuhusu magnesiamu, nisimwonee dada yako. Hakuokota jambo hilo barabarani. Seli za moyo zinahitaji magnesiamu ili chumvi za potasiamu na kalisi zipite kwa mpangilio, na ikipungua sana moyo hukorofika. Hospitalini tunaitumia kwa sindano: kuna aina moja ya mapigo ya hatari sana, chumba cha chini kinaenda mbio kwa mtindo wa kujisokota, ambayo magnesiamu ya mshipani ndiyo dawa yake ya kwanza. Akina mama waliojifungulia hospitali wataikumbuka pia, ndiyo ile sindano ya kifafa cha mimba. Tena utafiti mrefu wa Framingham kule Marekani, katika taarifa yake ya 2013, ulionyesha kwamba waliokuwa na magnesiamu ya chini kwenye damu walipata AF zaidi ya wenzao miaka iliyofuata.

Ila kutoka hapo mpaka kusema kidonge cha chupa kinaponya AF iliyoletwa na valvu mbovu, yaani ule mlango wa moyo, kuna mto haujavukwa. Sindano ya hospitali inatolewa kwa gramu zinazojulikana, mgonjwa akiwa anaangaliwa. Na kuonekana kwamba wenye upungufu waliugua zaidi hakusemi kwamba kumwongezea mtu ambaye hajapungukiwa kutamtibu. Valvu yako imekakamaa kwa makovu. Hakuna kirutubisho kinachofungua kovu.

Lakini kuna mstari mmoja kwenye barua yako ulioupita haraka, na mimi nimeurudia mara kadhaa: tumbo linaendesha, misuli ya miguu inakaza usiku. Hizo si sumu zinatoka. Magnesiamu ya vidonge, hasa aina ya oksidi, hufyonzwa kidogo tu na inayobaki tumboni huvuta maji. Ndiyo maana watu wengine huinywa makusudi wakikosa choo. Sasa unganisha mambo: unakunywa furosemaidi, ambayo pamoja na maji inatoa potasiamu na magnesiamu kwenye mkojo. Juu yake umeweka kuharisha, ambako nako kunatoa potasiamu. Na unakunywa dijoksini, dawa ambayo potasiamu ikishuka inageuka kuwa sumu hata kwa dozi ile ile ya siku zote. Kukaza kwa misuli usiku kunaweza kuwa ndiyo dalili ya kwanza kwamba potasiamu imeshuka.

Kwa hiyo simamisha magnesiamu leo. Furosemaidi na dijoksini usizisimamishe mwenyewe, hizo ni za daktari kuamua kesho. Omba apime potasiamu, magnesiamu na kriatinini ya figo. Ukianza kichefuchefu, chakula kukushinda, kuona vitu na rangi ya manjano manjano au kizunguzungu cha kutaka kuanguka, usingoje kesho.

Inawezekana kabisa majibu yakaonyesha kweli umepungukiwa magnesiamu, maana furosemaidi ya miaka inafanya hivyo. Kwa hapo dada yako atakuwa amepata, na daktari anaweza kukuandikia hiyo hiyo, kwa kipimo, huku figo zinafuatiliwa. Figo zikiwa dhaifu magnesiamu inakosa pa kutokea, inajaa mwilini, presha inashuka, mwili unalegea na moyo unaenda polepole mno. Ikumbukwe pia kwamba kipimo cha damu kinaona sehemu ndogo tu: karibu asilimia 1 ya magnesiamu ya mwili ndiyo iko kwenye damu, nyingine imo kwenye mifupa, misuli na seli. Ndiyo maana daktari anasoma majibu pamoja na dalili zako na dawa unazokunywa.

Ukiruhusiwa kuendelea nayo, igeuze chupa usome upande wa nyuma, kwenye maandishi madogo. Mbele huandikwa namba kubwa, lakini wakati mwingine ni uzito wa mchanganyiko mzima. Kidonge cha oksidi ya magnesiamu cha miligramu 400 kina magnesiamu yenyewe kama miligramu 241. Ukilinganisha chupa mbili za aina tofauti kwa namba ya mbele tu utakosea. Kikomo kinachotumika Marekani kwa magnesiamu ya kuongezea, mbali na ya chakula, ni miligramu 350 kwa siku kwa mtu mzima mwenye figo nzima. Na usiimeze wakati mmoja na dijoksini, inapunguza kufyonzwa kwa dijoksini, ziachanishe kwa saa kadhaa.

(Kwa wasomaji wengine: wanaokunywa dolutegravir, dawa ya VVU, magnesiamu huishika dawa hiyo tumboni isiingie mwilini vizuri. Dawa yenu itangulie saa 2 kabla ya magnesiamu, au ifuate saa 6 baada yake. Hilo linahusu hata dawa za maji za kiungulia, nyingi zina magnesiamu ndani. Wauzaji wa chupa hizi hawalisemi.)

Magnesiamu ya chakula haina ugomvi na mtu mwenye figo nzima. Iko kwenye korosho, mbegu za maboga, maharage, ulezi, na kwenye dona. Sembe ya mashine inayokoboa imeacha sehemu kubwa ya magnesiamu kwenye pumba, tukawalisha kuku.

Chupa nyingine hizo nitazipita haraka. Mafuta ya samaki: utafiti mkubwa uliotoka 2021, wenye watu zaidi ya 25,000, haukuona yakizuia AF, na kwa dozi kubwa za gramu 4 kwa siku tafiti nyingine zimeona AF ikiongezeka. Ginkgo na kitunguu saumu cha vidonge: vinaweza kuongeza kutoka damu ukivichanganya na warfarini, lakini havina nguvu ya kushika nafasi yake. Yaani vinakupa hasara bila faida. Viache. Kitunguu saumu cha kwenye mchuzi kiendelee, sizungumzii hicho.

Sumu ya panya, ndiyo. Warfarini ilianza kuuzwa Marekani 1948 kuulia panya, na kufikia 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu. Mwaka uliofuata rais wao, Eisenhower, alipewa dawa hiyo alipopata shambulio la moyo. Panya anaila bila kipimo mpaka anavuja damu ndani. Wewe unapimwa INR ili usifike huko. Anayekuambia ni sumu halafu akakwambia uache kupimwa hajasikiliza sentensi yake mwenyewe.

INR hiyo hiyo ndiyo iliyokuchosha, na hapo niko upande wako. Mtu hapaswi kufokewa mbele za watu kwa sababu ya mchicha. Tena muuguzi huyo alikuelekeza vibaya: hukatazwi mboga. Warfarini inafanya kazi kwa kuzuia vitamini K, na vitamini K imejaa kwenye majani, mchicha, kisamvu, matembele, mlonge. Dozi yako inapangwa kulingana na kiasi unachokula siku zote. Tatizo ni kuyumba: wiki hii kisamvu kila siku, wiki ijayo hakuna. Ramadhani kwa mfano, futari na daku vinageuza kabisa ulaji wa mtu, na INR inafuata. Kula mboga zako, kiasi kinacholingana wiki hadi wiki. Unga wa mlonge ni habari nyingine, maana ni majani yaliyokaushwa na kusagwa, vijiko viwili ni rundo zima la mboga, na leo unaweka, kesho umesahau. Huo uache, au mwambie daktari unautumia kila siku kiasi gani ili dozi ipangwe nao ukiwemo.

Lengo lako ni INR kati ya 2 na 3. Mtu asiyekunywa dawa ana kama 1. Chini ya 2 kinga inapungua, ikipanda kupita 4 hatari ya kuvuja damu inakua.

Mimi nikiona INR ya mtu imeruka ghafla, kabla sijamuuliza mboga namuuliza dawa za dukani. Metronidazoli, ile Flagyl inayonunuliwa kila tumbo likiuma, na Septrin, zote mbili zinapandisha INR kwa nguvu ndani ya siku chache. Kagua miezi yako iliyopita. Huenda ndiko zilikotoka zile panda shuka ulizolaumiwa mchicha. Siku ukiandikiwa antibiotiki yoyote, sema unakunywa warfarini kabla dawa haijafungwa kwenye bahasha.

Na kuhusu usafiri na vipindi: muulize daktari, INR yako ikishakaa sawa mara kadhaa mfululizo, kama anaweza kukuachia nafasi ndefu zaidi kati ya kipimo na kipimo. Hilo hufanyika. Muulize pia kama kuna maabara iliyo karibu na shule inayopima, ukapeleka majibu kwa simu. Kadi ya kliniki mwonyeshe mwalimu mkuu. Kunyamaza kunamfanya adhani unakwepa kazi.

Vidonge vipya vya Oman. Vipo, ni dawa nzuri, na kwa mtu mwenye AF ambaye valvu zake ni nzima vimeondoa adha ya INR. Wewe si huyo. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya utafiti uitwao INVICTUS, uliofanywa kwa wagonjwa 4,531 wa AF yenye ugonjwa wa moyo wa rumatiki, katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Wengi walikuwa wanawake, wastani wa umri miaka 50 hivi, yaani watu kama wewe hasa. Nusu walipewa rivaroxaban, mojawapo ya hivyo vidonge vipya, nusu dawa za jamii ya warfarini. Watafiti wenyewe walitegemea kipya kisishindwe. Kikashindwa: waliokuwa kwenye warfarini walikufa wachache zaidi, na kutoka damu hakukuzidi. Dada yako asitume.

Kuna swali moja ambalo hukuniuliza, nalo ningelipeleka kesho kwa daktari kama ningekuwa wewe: mara ya mwisho kupigwa eko, ile picha ya moyo, ilikuwa lini, na mlango umebana kiasi gani sasa? Wengine hufika mahali pa kupanuliwa kwa puto linalopitishwa kwenye mshipa, wengine kufanyiwa upasuaji. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili inafanya upasuaji wa valvu. Sisemi umefika huko. Ila mtu anayenunua chupa kutafuta nafuu anastahili kujua ugonjwa wenyewe umefikia wapi.

Goti. Usinywe diklofenaki, brufeni wala aspirini, hata kimoja cha kuazima kwa jirani. Pamoja na warfarini zinaweza kukutoa damu tumboni, na diklofenaki na brufeni zinasumbua figo na kukuzuia maji ambayo furosemaidi inahangaika kuyatoa. Kunywa parasetamoli, kwa dozi ya kwenye pakiti. Ukiona unaihitaji kila siku kupita siku mbili tatu, waambie wa kliniki, maana nayo ikizoeleka hupandisha INR kidogo. Dawa za kuchua jihadhari nazo pia, nyingi zina diklofenaki au jamaa wa aspirini. Soma kwenye tyubu kwanza. Na kinyesi kikiwa cheusi kama lami, au fizi na pua zikitoka damu isiyokata, hiyo ni ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo.